Shule ya Sekondari Iliyo Karibu na Kambi Zetu: Maneno kwa Wazazi

Hotuba hii ilitolewa na mwalimu mkuu wa shule ya kutwa mbele ya wanachama wa tawi letu la mashamba ya chai wenye watoto wa Gredi ya 9. Tunaichapa yote kwa ajili ya wale waliokuwa zamu siku hiyo. — Mhariri.

Bwana Mwenyekiti, Bwana Katibu, mama zangu, ndugu wafanyakazi,

Nawashukuru kwa kuniita. Nimekuja kuwaeleza habari za shule ambayo wengi wenu huipita kila siku mkienda kupima majani, lakini ndani yake hamjaingia. Sikuja kuuza shule, maana shule ya Serikali haiuzwi. Nimekuja kusema ilivyo, mazuri yake na mapungufu yake, ili wakati wa kuchagua ukifika mchague mkijua mnachokichagua.

Kwanza niondoe jambo moja linalowachanganya wazazi wengi. Kwenye vibao vya shule zetu za msingi sasa limeandikwa neno "Comprehensive", na mzazi huniuliza, "Mwalimu, ikiwa mtoto wangu yuko katika shule hiyo ya yote, kwa nini tena ahame?" Maana ya kibao kile ni hii: shule ya msingi na sekondari ya chini zimewekwa pamoja, tangu mtoto mdogo mpaka Gredi ya 9. Gredi ya 7 ya kwanza ilianza Januari 2023, ikakaa mle mle katika shule za msingi. Akimaliza Gredi ya 9 mtoto hufanya mtihani unaoitwa KJSEA, kisha huenda sekondari ya juu kwa miaka 3, yaani Gredi ya 10, ya 11 na ya 12. Hiyo sekondari ya juu ndiyo shule yetu. Watoto wa kwanza wa Gredi ya 10 katika Kenya nzima waliingia Januari 2026. Wa kwenu, Mungu akipenda, wataingia Januari 2027.

Mkija kututembelea mwaka huu wa 2026 mtaona jambo la ajabu kidogo: tuna Gredi ya 10, tuna Kidato cha 3 na Kidato cha 4, lakini Kidato cha 1 na cha 2 hakuna. Msidhani watoto wametoroka. Mtihani wa KCPE ulifanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023, na watoto wale wa mwisho ndio walio Kidato cha 3 sasa. Watafanya KCSE mwaka 2027, na utaratibu ule wa zamani utakuwa umekwisha. Kwa hiyo mtoto wako atakuta walimu wale wale wakifundisha njia mbili kwa wakati mmoja, asubuhi Kidato cha 4, baadaye Gredi ya 10. Ni kazi ngumu, nami sitawaficha.

Sasa shule yetu ni shule ya namna gani? Ni ya kutwa, ni ya wavulana na wasichana pamoja, na huchukua mtoto wa mchuma chai, wa karani, wa dereva wa trekta, wa mwenye duka na wa mkulima wa ng'ambo ya mto. Hatumwulizi mtoto alipata alama gani ndipo tumfungulie lango. Wako wanaoona hiyo kuwa aibu. Husema, "Ile ni shule ya waliokosa nafasi." Maneno haya nimeyasikia hata kwa watu wenye heshima, nami nataka kuyajibu.

Fikirini tulikotoka. Mwaka 1963 nchi ilipopata Uhuru palikuwa na shule za sekondari 151 tu, na wanafunzi 30,121. Nafasi zikiwa chache hivyo, kazi ya mtihani ilikuwa kuwarudisha watoto nyumbani, wala si kuwafundisha. Wazazi wa wakati ule, wengi wao wafanyakazi wa mashamba na wakulima wadogo, hawakukubali. Walichanga shilingi, wakabeba mawe na mchanga, wakajenga shule za Harambee, hata zikawa nyingi kuliko zile za Serikali. Shule nyingi za kutwa mnazoziona mashambani leo zina mizizi katika michango ile. Sasa mtu akisema ni shule ya waliokosa nafasi, huwa anawatukana wazee wake bila kujua. Walioijenga walijenga ili asiwepo wa kukosa nafasi.

Tena jambo hili si la Kenya peke yake. Uingereza, baada ya sheria yao ya elimu ya mwaka 1944, mtoto wa miaka 11 alipimwa kwa mtihani. Waliofaulu walipelekwa shule za wasomi, na wengine, ambao ndio wengi, wakapelekwa shule za chini. Watoto wa wafanyakazi walijaa katika hizo za chini. Lakini katika nchi ya Wales kuna kisiwa kiitwacho Anglesey, mahali pa wakulima na wavuvi, vijiji vidogo vidogo vilivyo mbalimbali. Wakuu wa kule walipiga hesabu wakaona ya kwamba mahali penye watu wachache hapawezekani kuwa na shule mbili tatu za namna mbalimbali, kila moja na maabara yake na walimu wake nusu nusu. Wakaamua kuwe na shule moja kubwa kwa watoto wote wa kila upande. Shule ya mji wa Amlwch ilifunguliwa mwaka 1950, imejengwa makusudi kwa kazi hiyo, na kufikia mwaka 1953 kisiwa chote kilikuwa kimeacha kuwagawa watoto. Mwaka 1965 Serikali ya Uingereza ikaziomba halmashauri zote za elimu zifanye mipango ya namna hiyo. Basi shule ya wote, tena ya mashambani, haikuanza kama sadaka kwa maskini. Ilianza kwa hesabu: watu wachache wakiweka nguvu zao mahali pamoja hupata shule kamili, wakitawanyika hupata vibanda.

Hesabu hiyo ni ya kwetu pia. Kila mzazi wa kambi hii mwenye kusema sana mkutanoni, mwenye kujua kusoma karatasi za fedha, akimpeleka mtoto wake mbali, shule hii hubaki na wazazi wasiothubutu kuuliza. Halafu tunashangaa kwa nini haisongi mbele.

Nije kwenye masomo, maana hapa ndipo penye jambo jipya, na hapa mzazi aweza kukosea.

Katika sekondari ya juu ziko njia tatu. Ya kwanza ni ya sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati, ambayo watoto huiita STEM. Ya pili ni ya sayansi za jamii: historia, jiografia, biashara, lugha, fasihi, dini. Ya tatu ni ya sanaa na michezo. Kila mtoto, njia yoyote atakayofuata, atasoma Kiingereza, Kiswahili au lugha ya ishara, Hisabati, na somo la kutumikia jamii. Juu ya hayo huchagua masomo matatu yanayolingana na njia yake. Hisabati nayo iko ya namna mbili: moja ni ya ndani zaidi, ya wale wa STEM, nyingine ni ya mahitaji ya kila siku, kwa wale wa njia nyingine.

Shule yetu ina njia mbili, ile ya STEM na ile ya sayansi za jamii. Ya sanaa na michezo hatuna. Mtoto wako akiwa na kipawa cha kweli cha muziki au cha kukimbia, na anataka kukisomea, mwambie achague shule iliyo na njia hiyo, nami nitamsaidia kuitafuta. Sitamzuia ili nijaze darasa.

Lakini msikilize pia jina la njia peke yake halitoshi. Mzazi hufurahi akisikia mtoto yuko STEM, akadhani tayari ni daktari. Uliza masomo matatu ni yapi. Mtoto anayetaka kazi ya uuguzi au udaktari hawezi kuacha Biolojia na Kemia. Anayetaka kazi ya umeme au mitambo ataihitaji Fizikia. Somo la Kilimo limo ndani ya STEM, na kwetu linafundishwa vizuri, kwa sababu shamba tunalo na mvua tunayo. Mtoto hupima udongo kwa mikono yake, hupanda, huandika hesabu ya mbolea na ya mavuno. Najua wako wazazi watakaosema, "Nimechuma majani miaka ishirini ili mtoto wangu asishike jembe, nawe unamrudisha shambani!" Nayaelewa maneno hayo. Lakini tazameni wale wanaokuja na magari kupima ubora wa majani na ugonjwa wa miche, walisoma nini? Walisoma udongo na mimea. Kuna kushika jembe kwa amri ya mwingine, na kuna kuijua ardhi.

Maabara tunayo moja. Wanafunzi huingia kwa zamu, na siku nyingine mwalimu hufanya jaribio mbele yao badala ya kila mmoja kufanya lake. Kompyuta ziko chache, watoto wawili au watatu kwa moja. Mwalimu wa Fizikia ni mmoja. Akiugua, darasa hukaa. Haya ndiyo mambo ya kutuuliza, nasi hatutakasirika.

Sasa fedha. Najua wengine mlikuwa mkingoja hapa.

Tangu mwaka 2008 Serikali imelipa gharama ya kufundisha katika shule za kutwa. Tangu mwaka 2018 hesabu yake ilikuwa shilingi 22,244 kwa kila mwanafunzi kwa mwaka. Fedha hizo haziji kwa mkono wa mzazi, huja kwa shule. Lakini mjue ya kwamba mwezi wa Julai 2025 Waziri wa Fedha mwenyewe aliwaambia wabunge kuwa kiasi kinachofika kimepungua, kikawa karibu shilingi 16,900. Mkisikia mwalimu mkuu akilia kuhusu chaki na umeme, msidhani kila mara anatafuta njia ya kula. Chama chenu kinajua kusimama mbele ya wakubwa na kudai kilichoahidiwa. Hili nalo ni dai.

Mzazi wa shule ya kutwa hulipa chakula cha mchana na hununua sare. Kiasi cha chakula kimeandikwa katika karatasi mliyopewa mlangoni. Kilikubaliwa na mkutano wa wazazi, sikukitunga mimi. Chakula ni githeri siku nyingi, wali na maharagwe siku moja, na ugali na sukuma wiki. Mwenye kukosa fedha aweza kuleta mahindi au maharagwe au kuni, mweka stoo atapima na kuandika.

Upande wa pili, shule za bweni za kitaifa kiwango chake kimekuwa shilingi 53,554 kwa mwaka, hapo bado sanduku, godoro, blanketi, nauli za kwenda na kurudi kila muhula, na pesa ya mfukoni. Sisemi shule zile ni mbaya. Nyingine ni nzuri sana, na mtoto wa mfanyakazi mwenye kupata nafasi na msaada wa karo, aende. Ninachosema ni juu ya mzazi ambaye hulipwa kwa kilo, na miezi ya kiangazi majani hupungua, naye akachukua mkopo wa SACCO kwa ajili ya jina la shule tu. Muhula wa kwanza analipa. Wa pili anabembeleza. Wa tatu mtoto amerudishwa nyumbani kufuata karo, wiki tatu yuko kambini, wenzake wanasonga mbele. Na mara nyingi, ndugu zangu, mkopo ule ukishamkaba baba, anayeachishwa shule si yule wa bweni. Ni dada yake mdogo, kwa sababu fedha za nyumba nzima zimekwisha kwa mmoja. Hili limewapata wasichana wa kambi zetu, nanyi mnawajua.

Nitaje sheria, maana hapa ni kwenye mkutano wa chama na mnapenda kujua haki zenu zimeandikwa wapi. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 53, inampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima, na sekondari imo ndani ya elimu hiyo. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013, kifungu cha 29, yakataza shule ya Serikali kutoza karo ya kufundisha. Malipo mengine yaweza kuwekwa kwa idhini ya Waziri, lakini mtoto asifukuzwe kwa kukosa kuyalipa, na hakuna ruhusa ya kupokea senti bila kutoa risiti rasmi. Basi mtu yeyote, hata akiwa ni karani wangu, akikutaka fedha bila risiti, usimpe. Njoo ofisini kwangu.

Sheria hiyo hiyo inasema kila mzazi mwenye mtoto shuleni ni mwanachama wa chama cha wazazi, na kila darasa huwa na mwakilishi katika kamati yake. Katika halmashauri ya shule pia wamo watu sita waliochaguliwa kuwakilisha wazazi na wenyeji. Viti hivi, nasema kweli, hukaliwa na wenye nafasi ya kuja mchana siku ya kazi: wenye maduka, wastaafu, na watu wa siasa. Mchuma chai haji, kwa sababu akikosa siku moja hukosa ujira. Naliomba tawi hili lizungumze na wenye shamba, mfanyakazi aliyechaguliwa na wazazi apewe ruhusa ya siku ya mkutano bila kukatwa. Si siku nyingi kwa mwaka. Na nyinyi mnaojua kusoma hesabu za chama, mnaojua kuuliza "vocha iko wapi?", mgombee viti hivyo.

Jambo la mwisho ni lile gumu la shule ya kutwa, nalo ni saa za jioni. Mtoto wa bweni ana taa, ana meza, ana mwalimu wa zamu. Mtoto wa kutwa hutoka kwetu saa kumi na nusu alasiri, hutembea katikati ya majani chai, mvua inanyesha, hufika nyumbani kwenye chumba kimoja ambamo baba amechoka, mama anapika, wadogo wanalia, redio inasema. Atasomea wapi? Kisha twamwita mvivu. Nimewatazama wanafunzi wangu miaka mingi, na naweza kuwaambia kwamba tofauti kati ya anayeendelea na anayerudi nyuma, mara nyingi, si akili. Ni taa na meza.

Shule imefanya sehemu yake: tumepanga somo la kujisomea kabla ya watoto kuondoka, na darasa moja hubaki wazi Jumamosi asubuhi. Lakini usiku hatuwezi kuwaweka, kwa sababu ya usalama wa wasichana njiani. Ukumbi wa kambi upo, una umeme, una viti, na jioni nyingi hukaa umefungwa isipokuwa siku ya mpira. Kama tawi lingeomba ufunguliwe saa moja mpaka saa tatu usiku, na wazazi wawili wakae kwa zamu, walimu watatu wanaokaa karibu wamekubali kupita kwa zamu bila malipo. Nimekuja na majina yao, nitampa Bwana Katibu.

Kuhusu wasichana, wazazi wasidanganywe kwamba shule ya kutwa ni hatari yenyewe. Hatari iko njiani na nyakati za giza. Watoto wa kambi moja watoke pamoja na warudi pamoja. Tumewagawa kwa makundi, na kila kundi lina mkubwa wake. Na ikitokea msichana amepata mimba, maongozi ya Serikali ya mwaka 2020 yanamruhusu kurudi darasani baada ya kujifungua. Msimfiche, wala msimwoze. Mleteni, tutapanga.

Milango yetu i wazi Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi, asubuhi, ili mzazi asikose kazi. Njoo na mtoto wako. Ingia maabara, angalia choo, onja chakula jikoni, fungua daftari la mwanafunzi yeyote uone kama mwalimu amesahihisha. Wakati wa kuchagua shule mtoto huandika shule kadhaa, za bweni na za kutwa. Naomba jambo moja tu: kwenye nafasi za kutwa msiandike jina lolote lile kwa kujaza karatasi. Andikeni shule mliyoiona kwa macho yenu, iwe yetu au nyingine.

Bwana Mwenyekiti, naona mikono imeinuka. Tuanze na yule mama aliye karibu na mlango.